Kimo cha Springi na Kimo cha Tairi: Ufafanuzi kuhusu Kuinua Vani ya Fowili

Utangulizi

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika Maasai Mara, udongo mweusi uliokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi hugeuka kuwa tope zito linalong'ang'ania kila kitu kinachoukanyaga. Udongo huu hufura unapopata maji na kupasuka unapokauka, na magari yanayoupitia huacha mifereji mirefu ambayo yajayo nyuma hayana budi kuifuata. Vani ya watalii inapokwama katika mifereji hiyo, injini yake huwa bado ina nguvu za kutosha. Ni tumbo lake lililokaa juu ya tuta la katikati, nayo magurudumu yakawa yanazunguka bila kupata pa kukanyaga. Mwenye gari anaporejea Nairobi huenda moja kwa moja kwa fundi na kutoa agizo la maneno mawili tu: "Inua gari."

Agizo hilo linasikika kuwa wazi, lakini fundi mwenye tajriba hulijibu kwa swali: kuinua nini? Makala haya yanafafanua yale yanayotendeka vani inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, yaani fowili katika lugha ya gereji, inapoinuliwa ili ivae matairi makubwa. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kitenzi "kuinua" kimebeba kazi mbili zilizo tofauti kabisa, na kwamba mwenye gari asiyezitenganisha huweza kulipia kimo ambacho hakitamvusha tope, huku abiria wake wakisafiri katika gari lililo rahisi zaidi kupinduka. Kwa hiyo suala hili ni la ufundi na pia ni la semantiki, na haliwezi kufafanuliwa kwa upande mmoja pekee.

Mfano utakaotumiwa ni Toyota HiAce ya kizazi kilichozinduliwa nchini Japani mwaka wa 2004, ambayo msimbo wake ni H200. Imechaguliwa kwa sababu inajulikana na wengi, na kwa sababu muundo wake unadhihirisha karibu matatizo yote yanayohusu kazi hii.

Vani iliyoundiwa theluji

Watu wengi hudhani kwamba gari likiwa la fowili basi limeundwa kwa ajili ya njia mbovu. Dhana hii si sahihi kwa vani za Kijapani. Huko Japani, hasa katika maeneo ya kaskazini kama vile Hokkaido, vani ya fowili hununuliwa na wafanyabiashara wanaosambaza bidhaa wakati wa majira ya baridi, barabara zinapofunikwa na theluji na barafu. Barabara yenyewe chini ya theluji ni ya lami iliyonyooka. Mahitaji ya dereva wa huko ni magurudumu yanayoshika, wala hana haja ya tumbo lililoinuka. Kwa sababu hiyo vani ya fowili hutoka kiwandani ikiwa na kimo kisichotofautiana sana na kile cha ndugu yake anayesukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Jambo la pili linahusu upana. HiAce yenye bodi nyembamba ina urefu wa milimita 4,695, upana wa milimita 1,695 na kimo cha milimita 1,980. Tarakimu hizi hazikutokea kwa bahati. Sheria za Japani huliweka gari katika kundi la magari madogo ikiwa urefu wake hauzidi mita 4.7, upana hauzidi mita 1.7 na kimo hakizidi mita 2.0, na ushuru wa kundi hilo ni nafuu. Waundaji walilijaza sanduku hilo la kisheria hadi pembeni. Wasafiri wa Kenya, basi, wanapanda gari ambalo wembamba wake uliamuliwa na mkusanya ushuru wa nchi nyingine. Ipo pia HiAce yenye bodi pana ya milimita 1,880, na tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa suala la kupinduka litakapojadiliwa.

Vimo viwili ndani ya neno moja

Kamusi humweleza msomaji kwamba kuinua ni kutoa kitu chini na kukiweka juu. Katika gereji, kinachotolewa chini kinaweza kuwa bodi ya gari pamoja na fremu yake, au kinaweza kuwa gari zima pamoja na ekseli zake.

Kazi ya kwanza hufanyika kwenye springi. Fundi huongeza nafasi kati ya magurudumu na bodi. Bodi hupanda, tangi la mafuta hupanda, ngazi za mlangoni hupanda, lakini magurudumu hubaki palepale yalipokuwa. HiAce ina ekseli moja nzima nyuma, yaani bomba la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na katikati ya bomba hilo kuna uvimbe wa duara wenye gia ndani yake, ambao mafundi huuita difu. Uvimbe huo ndio sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi upande wa nyuma. Kwa vile ekseli hukaa kwenye magurudumu wala haikai kwenye springi, hata bodi ikiinuliwa kwa milimita 100, difu ya nyuma haitapanda hata kwa unene wa unywele.

Kazi ya pili hufanyika kwenye tairi. Tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi huinua kila kitu: ekseli, difu, fremu, bodi na abiria. Ila huinua kwa nusu tu ya kile kinachoongezwa, kwa sababu kinachohesabiwa ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi chini, yaani nusukipenyo.

Uhusiano wa kazi hizi mbili ndio kiini cha mambo. Tairi ndilo linalotoa kimo chenye faida katika mifereji ya tope. Springi hutoa nafasi ya tairi hilo kuingia na kugeuka bila kukwaruza bodi, na hulisaidia tumbo la gari, pamoja na pembe za mbele na nyuma, kuvuka tuta. Ikiwa ni hivyo, mpangilio wa busara ni kuanza na tairi kisha kuuliza ni kimo kipi kidogo kabisa cha springi kitakacholitosheleza. Wenye magari wengi huanza upande wa pili. Huinua springi kadiri wawezavyo ili gari lionekane la kutisha, kisha hutafuta tairi la kujaza uwazi uliobaki chini ya bawa.

Kulisoma tairi

Msemo "tairi kubwa" nao una utata wake. Mteja mmoja huwa anamaanisha tairi pana, mwingine tairi refu, na wa tatu rimu kubwa yenye tairi jembamba lililoivaa kama pete. Ukubwa unaoinua gari ni kipenyo peke yake.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi hutoa jibu. HiAce nyingi nyembamba hutoka kiwandani zikiwa na matairi ya 195/80R15. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 80 ya 195 ni milimita 156. Ubavu huo upo juu na chini ya rimu, hivyo huhesabiwa mara mbili na kuwa milimita 312. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ya kipenyo ni milimita 693.

Kwa hesabu iyo hiyo, tairi la 225/75R15 lina kipenyo cha milimita 718.5, na la 235/75R15 lina milimita 733.5. Mwenye gari anayetoka kwenye 195/80 kwenda 235/75 ameongeza milimita 40.5 za kipenyo. Difu yake itapanda kwa takriban milimita 20. Kwa anayesikia, hizo ni kidogo mno, upana wa kidole gumba tu. Kwa difu inayokwaruza kilele cha tuta la udongo, milimita 20 huweza kuwa tofauti ya kupita na kulala porini.

Mipaka ya vani hii hujitokeza mapema. Dereva wa HiAce hukaa juu ya magurudumu ya mbele, hivi kwamba uwazi wa gurudumu umebanwa na sakafu ya kiti pamoja na ngazi ya mlango. Tairi la 235/75 kwenye bodi nyembamba aghalabu huanza kugusa usukani unapokatwa hadi mwisho huku springi zikiwa zimebonyea, na hasa likigusa sehemu ya nyuma ya uwazi huo. Wapo wanaokata chuma ili kulipa njia. Inafaa isemwe wazi kwamba chuma kilicho chini ya miguu ya dereva si mahali pa kukatwa na mtu asiyejua kilichowekewa, na kwamba tairi la 225/75 kwa wengi lingekuwa chaguo la busara zaidi.

Lipo pia suala la uzito. Kando ya vipimo hivyo tairi huwa na tarakimu za uwezo wa kubeba. Tairi la vani lililoandikwa 107/105 hubeba kilo 975 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, na kilo 925 likiwa katika jozi. Si kila tairi lenye kipenyo kikubwa hufikia kiwango hicho, kwa kuwa mengi ya matairi ya rimu ya inchi 15 yaliundiwa magari ya kibinafsi. Tairi linaweza kuwa refu, pana, lenye meno ya kutisha, na bado likawa dhaifu kuliko lile lililoondolewa.

Mbele: ufito unaosokotwa

Magurudumu ya mbele ya HiAce hayana ekseli nzima. Kila moja limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na uzito wake hubebwa na ufito mrefu unaolala chini ya gari kuelekea nyuma. Ufito huu haubonyei kama springi ya kawaida. Hufanya kazi kwa kusokoteka. Mafundi huuita tosheni. Mwisho wake una bolti ya kurekebishia, na hapo ndipo kishawishi kilipo: fundi akikaza bolti hiyo kwa spana, gari huinuka mbele ya macho ya mteja bila kununuliwa kipuri chochote.

Aghalabu milimita 25 hadi 40 hupatikana kwa njia hii kabla ya matatizo kuanza. La kwanza linahusu safari ya gurudumu. Gurudumu linahitaji nafasi ya kwenda juu linapogonga jiwe, na pia nafasi ya kwenda chini linapofika shimoni. Kukaza tosheni hakuongezi jumla ya nafasi hizo. Huhamisha tu, ikitoa ya chini na kuipeleka juu. Bolti ikikazwa mno, mkono wa juu hukaa karibu na kizuizi chake hata gari likiwa limetulia. Gari kama hilo likipita kwenye mtaro kwa mshazari, gurudumu moja hubaki linaning'inia hewani. Difu ya kawaida, isiyo na kifaa cha kufunga, hupeleka mzunguko kwa gurudumu lile lisilo na upinzani, yaani lile lililo hewani. Gari lililoinuliwa ili lishinde tope likawa limenyang'anywa mshiko ambao liliundwa nao.

Tatizo la pili ni la fowili peke yake. Difu ya mbele, tofauti na ya nyuma, imefungwa kwenye fremu. Bodi inapopanda, difu hiyo hupanda nayo, ilhali magurudumu yamebaki chini, na mihimili miwili inayoyazungusha hulazimika kuinama zaidi kutoka difu hadi gurudumu. Viungo vya mihimili hiyo vimefunikwa kwa mifuko ya mpira iliyojaa grisi, ijulikanayo kama buti. Mihimili ikiinama kupita kiasi, mikunjo ya buti husagana na kupasuka, grisi humwagika, mchanga huingia, na baada ya muda kiungo huanza kulia kila dereva anapokata kona. Wengine huitatua hali hii kwa kuishusha difu kwa vipande vya kati. Pembe ya mihimili hurekebika, lakini difu iliyoshushwa hurudi kukaribiana na mawe, na sehemu ya kimo kilicholipiwa huwa imerudishwa.

Tatizo la tatu ni mwelekeo wa magurudumu. Mikono ikibadilisha pembe, aghalabu sehemu ya juu ya gurudumu huegemea nje, na tairi huliwa ukingo mmoja. Gari lolote lililoguswa tosheni lazima lipimwe alaimenti. Huu ni mwongozo ambao wengi huujua na wachache huutimiza, kwa kuwa upimaji hufanywa mahali pengine na kwa malipo mengine.

Nyuma: kamani na ekseli

Nyuma ya HiAce ya mizigo na ya abiria wengi kuna mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kupindwa mfano wa upinde. Mafundi wa leo huyaita springi, lakini Kiswahili kina neno la zamani zaidi la kifaa cha aina hii, nalo ni kamani. Asili yake ni Kiajemi, ambamo neno hilo humaanisha upinde. Ni vigumu kupata jina lililokaa vizuri zaidi kwa kitu hiki, na ni ajabu kwamba limeachwa lisinzie katika kamusi huku gereji zikitumia neno moja la mkopo kwa springi ya kujisokota, springi ya mabapa na hata springi ya kalamu. Kiswahili kimewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa motokaa, na nahodha aliukabidhi kwa dereva bila kikao chochote cha kamati ya istilahi.

Kamani inaweza kuinuliwa kwa njia kadhaa. Bora zaidi ni kununua au kufinyanga upya kamani zenye mpindo mkubwa na unene unaolingana na mzigo wa gari. Kuongeza bapa moja huinua pia, lakini hufanya nyuma kuwa ngumu, na abiria wa kiti cha mwisho huwa wa kwanza kujua. Kurefusha vishikizo vinavyoning'iniza ncha ya kamani kwenye fremu huinua gari kwa nusu tu ya urefu ulioongezwa, tena huigeuza kidogo pembe ya ekseli.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, na inayoeleweka vibaya kuliko zote, ni kuweka kipande cha chuma kati ya kamani na ekseli. Ikiwa kamani imekaa juu ya ekseli, kipande hicho huinua gari. Ikiwa kamani imepita chini ya ekseli, kipande kile kile hulishusha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa fundi hana njia nyingine ya kujua ila kuingia chini ya gari na kutazama mpangilio kabla ya kukata chuma. Kupanga vipande viwili, kimoja juu ya kingine, ni hatari isiyo na udhuru. Dereva anapofunga breki ekseli hutaka kujipindua, na nguvu hiyo huvisukuma vipande vitoke mahali pake.

Shafti ndefu inayotoka katika gia boksi kwenda difu ya nyuma huathirika vilevile. Ina viungo vinavyoiruhusu kupinda, na viungo hivyo hufanya kazi kwa utulivu pembe zake zinapolingana. Ekseli ikigeuzwa kidogo, ulinganifu hupotea na gari hutetemeka katika mwendo fulani, jambo ambalo hufanya watu wabadilishe matairi, rimu na bushi kabla ya kugundua kwamba kosa lilianzia kwenye kamani.

Shokomzoba nazo zisisahauliwe. Gari likiinuliwa na shokomzoba zikabaki zile zile, huweza kuvutika hadi mwisho wa urefu wake kila gurudumu linaposhuka, zikawa ndizo zinazozuia ekseli isianguke. Hazikuundiwa kazi hiyo.

Mabadiliko yasiyoonekana kwa macho

Yaliyotajwa hadi sasa yanaonekana kwa anayetazama. Yafuatayo hayaonekani, na kwa gari la abiria ndiyo mazito zaidi.

Kipimo cha mwendo kwenye dashibodi huhesabu mizunguko ya gia boksi. Hakijui tairi lina ukubwa gani. Tairi la milimita 733.5 lina mzingo ulio mrefu kwa asilimia 5.8 kuliko lile la milimita 693, hivyo katika kila mzunguko gari huenda mbali zaidi kuliko kipimo kinavyodhani. Dashibodi ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda takriban 84.7. Kanuni za uchukuzi wa umma zilizotangazwa nchini Kenya mwaka wa 2003, ambazo wananchi waliziita kanuni za Michuki kwa jina la waziri aliyezisimamia, John Michuki, ziliyataka magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti kinachotegemea mizunguko hiyo hiyo nacho hudanganyika. Hakijafunguliwa, hakijakatwa waya, na mwenye gari anaweza kuapa kwamba hajakigusa. Ila kimebadilishwa kupitia tairi. Kwa tairi la inchi 30, ambalo wengine hulitamani, 80 ya dashibodi ni takriban 88 ya barabarani. Dawa yake ni kukisawazisha upya kifaa hicho baada ya kubadilisha matairi.

Msukumo nao hukatwa kwa takriban asilimia 5.5. Tairi refu ni kama gia ndefu: kwa nguvu ile ile ya injini, msukumo unaofika ardhini hupungua kwa kadiri ya ongezeko la nusukipenyo. Dereva hulihisi hili anapopanda kutoka Mai Mahiu akiwa na abiria na mizigo. Breki nazo hupungukiwa kwa kiwango icho hicho, kwani hulazimika kulizuia gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zile zile. Kinyume chake, wenye magari hulalamikia matumizi ya mafuta kuliko inavyostahiki, kwa sababu kipimo cha umbali huandika kilomita 100 pale gari lilipokwenda karibu 106.

Vani nyingi za mizigo zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifito chembamba. Gari likibeba mzigo, nyuma hushuka, kifito husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma hupanda na vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Vali hii haina akili ya kutofautisha gari tupu na gari lililoinuliwa. Fundi akiinua nyuma kwa milimita 50 bila kukirekebisha kifito, vani iliyojaa abiria huweza kufunga breki kana kwamba haina mtu ndani. Mibomba ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye ekseli pia huhitaji kukaguliwa gurudumu likiwa limening'inia, isije ikawa imevutika kama uzi wa gitaa.

Mwisho katika orodha hii ni mfumo wa fowili wenyewe. Katika HiAce hii mzunguko hupelekwa mbele kupitia chombo chenye sahani nyembamba zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya nyuma yakiteleza na kuzunguka haraka kuliko ya mbele, mafuta hayo huzivuta sahani za upande wa pili, na mbele hupata nguvu. Chombo hiki hupima tofauti ya mizunguko peke yake. Mwenye gari aliyenunua matairi mawili makubwa ya nyuma na kuacha ya zamani mbele kwa kukosa pesa ameunda tofauti ya kudumu, nacho chombo hufanya kazi kutwa kucha kwenye lami kavu, kikipata joto hadi kiharibike. Vani ya fowili huvaa matairi manne yenye kipenyo kimoja, au haibadilishwi.

Kitovu cha uzito

Uwezekano wa gari kupinduka hukadiriwa kwa kigezo sahili: nusu ya umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likipungua, gari hupinduka kwa urahisi zaidi. HiAce nyembamba ina umbali wa takriban milimita 1,470 kati ya magurudumu yake. Ikichukuliwa kwa mfano tu kuwa kitovu chake cha uzito kiko milimita 850 juu ya ardhi, kigezo ni 0.86. Ikiinuliwa milimita 50 kwa springi na 20 kwa tairi, kigezo hushuka hadi takriban 0.80.

Huo ni upungufu kabla ya mtu wa kwanza kuketi. Abiria hukaa juu ya sakafu, na kila anayeingia hupandisha kitovu hicho. Mwaka wa 2001 NHTSA, ambayo ni idara ya usalama barabarani nchini Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu vani za abiria 15 nchini humo: zilipokuwa na watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali za gari moja kilikaribia mara tatu ya kile cha vani zilizobeba watu wachache. Vani hizo ni pana kuliko HiAce nyembamba. Vani ya utalii ya Kenya huongeza jambo jingine juu ya hayo, nalo ni paa linaloinuliwa. Watalii wanaposimama wote upande mmoja kumtazama simba, ilhali gari limeegemea ukingo wa mfereji, kitovu cha uzito hupanda na kuhama kwa wakati mmoja.

Kwa mizani hiyo, bodi pana ya milimita 1,880 ingekuwa mahali bora pa kuanzia kwa mtu anayekusudia kuinua. Na kwa anayemiliki bodi nyembamba, ongezeko la jumla la milimita 40 hadi 50 linaweza kutetewa kwa hoja za kiufundi. Zaidi ya hapo, kinachotafutwa huwa ni sura ya gari.

Agizo linalotimizika

Mteja anayetaka kazi inayoeleweka angeweza kulitamka agizo lake hivi: matairi manne ya 225/75R15 yenye uwezo wa kubeba usiopungua ule wa kiwandani, kamani mpya za nyuma zitakazoinua milimita 40, tosheni zikazwe milimita 25 na zisizidi, shokomzoba zenye urefu unaolingana, kifito cha vali ya breki na mibomba yake virekebishwe, kisha alaimenti, na kidhibiti mwendo kisawazishwe. Hakuna neno hata moja katika agizo hilo lisiloweza kusemwa kwa Kiswahili na kueleweka Kirinyaga Road au Kariobangi. Likiandikwa kwenye karatasi ya malipo, pande zote mbili huwa na cha kurejelea iwapo kutatokea ubishi.

Gari likishatoka gereji, bolti za umbo la U zinazoshika kamani kwenye ekseli hulegea kidogo kadiri mabapa yanavyokaa mahali pake. Hukazwa tena baada ya kilomita mia chache, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na likiwa na uzito wake wa kawaida. Wakati huo huo fundi huzungusha mkono ndani ya bawa la kila gurudumu, akitafuta mahali palipong'aa kwa kusuguliwa na tairi.